Pijo Mbili na Mafuta ya Mbarika

Vijana wangu, ukitaka kujua kama Pijo kongwe imetunzwa au imeteswa, usianze na rangi. Rangi hupakwa asubuhi na jioni gari likauzwa. Usianze hata na injini. Lala chali chini ya gari, fungua nati ya difu, lile bonge la chuma kati ya magurudumu ya nyuma, chovya kidole, nusa. Mkishanusa ndipo mje tuongee, na kama gari lenyewe ni 404, njooni mbio, maana nitataka kunusa na mimi.

Najua mnacheka. Juzi pale kijiweni mlikuwa mnapokezana simu mkibishana, huyu anaitaka 404, yule anasema 504 ndiyo kali, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuziendesha. Mmoja akanigeukia: "Shikamoo babu. Eti kati ya hizi mbili ipi ni ya kununua ukaiweka?" Nikaitikia marahaba, nikavuta kiti, na sikuinuka mpaka mama wa chai akaanza kukusanya vikombe. Wengine mlikuwa mnachati tu, nimewaona, kwa hiyo nimeamua kuandika. Mimi ni Fundi Odilo. Nimefungua na kufunga Pijo hapa Sumbawanga tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe, na swali lenu hilo niliwahi kulijibu mbele ya watu ambao maisha yao yalitegemea nitakachosema.

Lakini kwanza mzijue gari zenyewe, msije mkaaibika.

Pijo 404 ni gari la miaka ya sitini. Bati zito, mabega yaliyochongoka, na nyuma mapezi mawili madogo kama samaki, ndivyo walivyopenda enzi zile. Gia iko kwenye usukani. Mpe dereva wa leo, atapapasa sakafuni akitafuta gia mpaka abiria washuke. Injini imelazwa ubavu, na mbele kuna tundu la kuingizia hendeli. Betri ikifa, unashuka, unaingiza hendeli, unazungusha, gari linawaka! Ila dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usiikumbatie hendeli. Injini ikirudi nyuma haiulizi dole gumba ni la nani. Ninayo mawili, lakini moja halikunji vizuri.

Pijo 504 ni mdogo wake, sisi huku tulilizoea miaka ya sabini. Taa za mbele zimelala pembeni kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Katika nyingi, gia ilikuwa tayari imeshushwa sakafuni. Breki ni za diski, na katika yale magari madogo, siyo pikapu, kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake, bila kumvuta mwenzake. Barabara zetu za changarawe zenye mawimbi, zile zinazogonganisha meno, 504 inapita juu yake kwa raha mpaka unasahau kwamba barabara ni mbovu. Nikikumbuka kile kiti cha nyuma nasikia usingizi mtamu hadi leo.

Zote mbili zina jambo moja lililotufanya mafundi wa huku bara tuzipende kuliko wake zetu walivyofurahia. Silinda zake zinachomoka. Ndani ya injini kuna slivu, mikebe minne ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Gari lingine silinda zikilika, lazima bloku iende mji mkubwa ikachongwe kwenye mashine. Hapa hatukuwa na mashine hiyo. Pijo wewe unachomoa slivu mbovu, unatia mpya na pistoni zake, chini ya mti, juu ya gunia, na jioni gari linakwenda Matai. Ila ukiziweka, hakikisha zile pete za chini zimekaa sawa, la sivyo maji yataingia kwenye oili na utaona rangi ya chai ya maziwa. Mkiona chai ya maziwa kwenye injini, msinywe, fungueni.

Sasa difu. Hapa ndipo ndugu hawa wawili wanapoachana, na hapa ndipo hadithi yangu ilipo.

Difu ya 504 ile ndogo ina meno ya chuma kwa chuma, inakunywa oili nzito yoyote ya gia unayopewa dukani. Difu ya 404 ni kitu kingine. Ndani kuna chuma kilichosokotwa kama skurubu nene, nacho kinasukuma gurudumu la meno la shaba. Shaba, vijana! Kazi ya kistaarabu, haina kelele kabisa. Lakini shaba ina maringo yake. Oili za kisasa zina dawa kali ya kulinda chuma, na dawa hiyo hiyo, difu ikipata moto, inaitafuna shaba polepole. Waliolitengeneza gari walitaka difu itiwe mafuta yanayotokana na mbarika.

Ndiyo, mbarika hiyo hiyo mnayoijua, wengine huita nyonyo, inayoota nyuma ya choo cha bibi yako.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Gaudensi. Alikuwa amefanya kazi gereji ya misheni, na alikuwa na pua kuliko mbwa wa polisi. Miaka ile ya foleni, ambapo hata sabuni ilikuwa ya kugawiwa, oili ya 404 tungeitoa wapi? Mzee Gaudensi hakuhangaika. Alinunua mafuta ya mbarika kwa akina mama waliokuwa wakikamua ya kujipaka, akayachemsha kwenye sufuria mpaka yanaacha kutatarika, maana yakitatarika bado yana maji. Akayachuja kwa kitambaa safi, yakapoa, akatia kwenye difu. Magari yakatembea! Sisi wanagenzi tuliona neema tupu. Jumamosi tukienda dansini tulichota kidogo kwenye debe lake, tukajipaka nywele zikang'aa. Jumatatu moja akapanga vichwa vyetu mstari, akavinusa kimoja kimoja, akasema, "Hiki ni difu. Hiki ni difu. Hiki kimetoka kwao na nywele zake tu." Aliyetoka kwao alikuwa mmoja tu.

Ikaja enzi ya ruksa. Ninyi mmezaliwa mmekuta maduka yamejaa, hamwezi kujua ilivyokuwa. Ghafla malori kutoka Tunduma na Mbeya yanashusha kila kitu: viatu, redio, biskuti, mitumba, vipuri. Mtu yeyote anafungua duka. Nilisimama mbele ya rafu moja ya oili pale mjini, makopo ya rangi zote, nikajisikia kama mtoto siku ya Krismasi. Na akina mama nao wakaacha kukamua mbarika, ya nini tena, wakati losheni ya kopo inanukia maua?

Kwa 404 ulikuwa msiba. Watu walizipenda gari zao, sasa wakawa na uwezo, wakazitilia oili mpya ya bei, kila mmoja akijua anafanya wema. Baada ya muda difu zikaanza kulia. Ukisimama barabarani unasikia 404 inakuja kwa mlio mwembamba kabla hujaliona bodi lake. Moja baada ya nyingine zikakatwa mabati. Nyingine mmezipikia ubwabwa, masufuria yenu mnayajua yalikotoka?

Mjini hapa na vijiji vyake ikabaki 404 moja tu nzima, na ilikuwa ya Mama Kristina.

Mama Kristina alikuwa mjane wa upande wa Msanzi. Mumewe alimwachia hiyo gari, ya rangi ya maziwa, na shemeji zake walitegemea ataliegesha. Akajifunza kuliendesha! Akang'oa kiti cha nyuma, akawa anapakia maharage kuleta mjini. Kila alipokuja alipita gereji kwangu, mimi naangalia difu, naongeza mbarika kutoka kwenye akiba niliyorithi kwa Mzee Gaudensi. Lakini kilichomkosesha raha Mama Kristina kilikuwa unga. Kijijini kwao hakukuwa na mashine ya kusaga. Wanawake walitwanga mahindi kwenye kinu na kusaga ulezi kwa jiwe, au walijitwika debe wakatembea mbali mno, warudi giza limeingia. Yeye mwenyewe aliwabebea alipoweza, lakini gari moja lingebeba magunia ya nani liache ya nani?

Na hapo ndipo alipotokea Bwana Ambakisye.

Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Mbeya, Mnyakyusa mnene mwenye kicheko cha kutingisha meza. Ruksa ilimwezesha kuleta mashine za kusaga, akiziuza mikoa yote ya kusini. Lakini mapenzi yake yalikuwa Pijo za zamani. Alizikusanya nyuma ya nyumba yake kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Alikuwa amesikia kwa madereva wa malori kwamba Sumbawanga kuna 404 nzima na 504 nzima. Akanitumia salamu: anakuja, amebakiwa na nafasi ya gari moja tu uani kwake, na atakayempa gari hilo atampa mashine ya kusaga mpya na injini yake. Gari kwa mashine. Mimi fundi wa gari zote mbili nitakuwapo nimweleze ukweli.

Mwenye 504 alikuwa bwana shamba wetu, ambaye naye alitoka Mbeya kikazi. Tulimwita hivyo hivyo, Bwana Shamba, sijui hata kama mkewe alimwita jina jingine. Mtumishi wa serikali wa wakati ule bila mradi pembeni alionekana amelala, naye alitaka mashine aifunge mjini. Gari lake alilipangusa kwa kitambaa kila aliposhuka. Ndege akiruka juu yake, Bwana Shamba anatazama juu kwanza.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, mchana, Mama Kristina akaingia gereji. Alikuwa ameliosha gari mpaka linameremeta, na yeye amevaa kitenge kipya. Alishuka anacheka.

"Fundi, shughuli nimemaliza! Hata difu nimeinunulia mafuta mapya. Yale ya kopo jekundu, ya bei mbaya. Nimeona mgeni asije akakuta tumemtilia mafuta ya nywele."

"Umetia lini, mama?"

"Leo asubuhi, kabla sijaondoka nyumbani. Mbona unanitazama hivyo?"

Nikajitupa chini ya gari. Nilipofungua nati, kilichotoka hakikuwa oili. Mbarika na oili ya madini hazipatani, zilikuwa zimegandana kama maziwa yaliyochacha. Nikamwaga yote, nikasukutua kwa mafuta ya taa, nikamwaga tena, nikasukutua tena, nikamulika kwa tochi kwenye tundu. Shaba ilikuwa inang'aa. Bado! Safari ile fupi ya ubaridi wa asubuhi haikuwa imeipasha moto wa kutosha. Nilipiga kelele ya furaha mpaka jirani mwenye cherehani akaja kuangalia nani ameangukiwa na gari.

Lakini difu sasa ilikuwa kavu, na debe langu la akiba, nilipolitikisa, likatoa sauti ya debe tupu. Mama Kristina alikaa kwenye tairi, kitenge kipya na vumbi, machozi yanamtoka. "Nimewaambia wanawake wenzangu mashine inakuja," alisema. "Nimewaambia mimi, kwa mdomo wangu. Bibi Telesfora wa pale kijijini ameshaacha hata kunoa jiwe lake la kusagia."

Wakati huo huo nani anaingia getini? Bwana Shamba, na 504 yake na kitambaa chake, anataka nimwangalizie plagi. Akauliza kulikoni, nikamweleza. Nilidhani atafurahi, nani asingefurahi? Akatutazama, akalitazama gari lake, akalipangusa kidogo kwenye taa ambako hakukuwa na uchafu.

"Huko Msanzi hakuna hata bibi mmoja mwenye mbarika?"

"Wapo," alisema Mama Kristina.

"Basi ingieni. Mimi nikishinda nataka nishinde gari zima. Kushinda gari gonjwa watu watanisema mpaka Mbeya."

Oh, ile safari! Nimepanda magari mengi, lakini siku ile ndiyo nilielewa 504 iliumbwa kwa ajili gani. Upepo wa Ufipa unavuma, mashamba ya ngano yamelala pande zote, vumbi jekundu nyuma yetu, na Bwana Shamba amekaza macho kama anakimbiza mwizi. Kona tulizozikata! Mawimbi ya barabara yanapiga chini, sisi juu tumetulia, Mama Kristina hata kilemba hakikumtoka. Breki ukizigusa, gari linatii mara moja. Mimi nyuma napiga kelele, "Sikilizeni shokapu hizo! Sikilizeni!" na Mama Kristina ananijibu, "Fundi, wewe uko upande wa nani?"

Tulimkuta Bibi Telesfora kivulini anapepeta maharage. Tukamwamkia, akaitikia, na Mama Kristina akamweleza kwa Kifipa. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema, nawatafsiria, kwamba ameishi miaka mingi lakini hajasikia gari linaloombewa mafuta ya kujipaka. Akaingia ndani, akatoka na chupa iliyojaa nusu. Ilikuwa ya kuchulia magoti yake. Haikutosha.

Basi bibi akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti. Na wanawake wakaanza kutoka. Huyu na kichupa cha dawa ya kikohozi, yule na kikopo cha losheni kilichotiwa mbarika, mwingine na kibuyu. Walikuja wakicheka na kutaniana, nani alikuwa akificha mafuta na kusingizia nywele zake zinang'aa zenyewe. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alinikabidhi kichupa chake, akasema, "Fundi, hilo gari likipendeza kuliko mimi, mashine isipokuja utanioa wewe." Nikamwambia kazi hiyo siiwezi, mashine itakuja.

Tukachemsha palepale, bibi akisimamia, maana alijua kuliko mimi lini yameacha kutatarika. Tukachuja kwa kitambaa, tukarudi mbio gereji mjini. Kabla jua halijazama 404 ilikuwa imeshiba.

Kesho yake Bwana Ambakisye akafika, na tukaenda kwenye mtihani alioutaka mwenyewe: kushuka na gari zote mbili mpaka Muze, bonde la Ziwa Rukwa, na kuupanda tena ule ukingo wa Lyambalyamfipa. Anayeujua ukingo ule hahitaji maelezo. Barabara inajikunja kuushuka mlima, ukitazama chini unaliona ziwa linameta mbali, na ukitazama sana utakosa kona.

Kushuka, 504 ilitamba. Diski zake hazikulalamika hata mara moja. 404 na breki zake za dramu ilibidi ishikiliwe kwa gia, na Bwana Ambakisye, pamoja na unene ule, alizichomeka zile gia za usukani kwa vidole viwili tu, anaimba. Muze joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Tukanywa maji, tukageuza. Kupanda, 504 iliondoka mbele, nguvu ya kutosha, Bwana Shamba anatupungia mkono dirishani. 404 ikaja polepole, gia ya pili, bila kusitasita, bila kupandisha joto. Na difu? Kimya! Mama Kristina alikaa mbele, mimi nilikuwa nimeketi nyuma sakafuni, pale kiti kilipong'olewa, sikio langu karibu na bati, nasikia moyo wangu tu.

Juu kabisa, Bwana Shamba alipotusubiri, Bwana Ambakisye akasimamisha gari, akalala chini na suti yake. Akashika difu kwa kiganja: vuguvugu. Akafungua nati, akachovya kidole, akanusa. Akanusa tena.

"Fundi," alisema akiwa bado chini, "mbona difu hii inanukia mchaichai?"

Mungu wangu! Kumbe mmoja wa wale akina mama alikuwa ameyatia yake majani ya kunukia. Sote tukatazama mbali. Bwana Ambakisye akatoka chini, kicheko hakipo tena. "Mafuta haya ni mapya. Mtu anayebadilisha mafuta ya difu siku ambayo mteja anakuja, ana jambo analificha."

Nilifungua mdomo, lakini Mama Kristina akawahi. "Nimeharibu mimi. Nilitia ya dukani jana asubuhi, fundi akayamwaga. Haya ni ya wanawake wa kijijini kwangu. Ya nywele zao. Kama gari limeumia, limeumizwa na mimi."

Bwana Ambakisye akanigeukia. "Shaba umeiona?"

"Nimeiona. Inang'aa."

"Sasa nijibu, na usimtetee mtu. Kesho unasafiri na mkeo kwenda Dar es Salaam. Unapanda ipi?"

Mama Kristina ananitazama. Nilimpenda kama dada yangu, na nilijua wanawake wangapi wanasubiri kule. Lakini niliulizwa kama fundi.

"Napanda 504," nikasema. "Breki zake zinashika, viti vyake vinapumzisha, na spea zinapatikana. Ni gari bora kuliko 404 kwa kila safari ninayoijua."

Mama Kristina aliinamisha kichwa. Bwana Shamba hata hakutabasamu, alikunja kitambaa chake akakifunua.

"Na la kuweka?" Bwana Ambakisye akauliza.

"La kuweka ni 404. 504 wewe utaipata Mbeya, utaipata Tunduma, utaipata hata kesho kutwa. Lakini 404 ambayo shaba yake ni ile iliyotoka nayo kiwandani, sijui kama utaisikia tena. Zimekufa zote kwa kupendwa. Hii imenusurika kwa sababu tulikuwa hatuna kitu cha kuitilia ila mbarika."

Alisimama pale ukingoni upepo unampeperushia koti. Kisha kile kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. "Ungeniambia utapanda 404 mpaka Dar, ningeondoka sasa hivi na nisingeamini hata hiyo shaba," alisema. Akamgeukia Mama Kristina. "Mama, mashine nikushushie wapi?"

Mama Kristina alikaa chini pale pale barabarani, akalia kwa sauti, na Bwana Shamba, amini usiamini, akampa kile kitambaa.

Basi, jibu lenu ni hilo. Ukitaka kuendesha, nunua 504, na uchunguze kutu chini ya boneti pale shokapu zinaposhikia bodi. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi, bati zima linaitika. Ukitaka kuweka, tafuta 404, gonga chini ya milango, kisha lala chini unuse. Na ukipata iliyo nzima, nitafute popote nilipo, hata nikiwa kanisani.

Mashine ilifungwa muda si mrefu baadaye, na Bwana Shamba ndiye aliyenipeleka na 504 yake nikaifunge. Injini ilipowaka mara ya kwanza kuku wote walikimbia na wanawake wote wakapiga vigelegele. Mama Kristina akakataa mahindi ya mtu mwingine yeyote yatangulie, akalimwaga debe la Bibi Telesfora. Unga ukaanza kushuka kwenye mfuko. Bibi akaingiza mikono yote miwili, ile iliyosaga kwa jiwe tangu utoto wake, akaiacha humo muda mrefu, halafu akasema kitu kwa Kifipa ambacho kiliwafanya wenzake waache vigelegele.

Kelele ya injini iliyameza maneno yake, nikamuuliza Mama Kristina amesema nini.

"Anasema unga una joto," Mama Kristina akanijibu. "Anasema hajawahi kushika unga wenye joto ambao haukumchosha yeye mwenyewe."